Wosia wenye fungu la wagonjwa wa saratani: maswali yenu

Tulipoandika kwamba taasisi inayohudumia wagonjwa wa saratani inaweza kuachiwa fungu katika wosia kama anavyoachiwa mtoto au mpwa, barua zilikuja nyingi. Tumechagua saba, kwa sababu humo mna makosa ambayo hugunduliwa siku mwenye wosia hayupo tena kuulizwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mkristo, nina watoto watatu wakubwa. Mjukuu wangu alitibiwa saratani ya damu Muhimbili akapona. Nataka shamba langu la ekari mbili liwaendee "watoto wa saratani Muhimbili". Niandikeje ili wanangu wasije wakahangaika?
*Bibi wa Kihonda, Morogoro*

Shikamoo Bibi. Hangaiko la kwanza la wanao limo katika maneno uliyoyafungia alama za kunukuu. "Watoto wa saratani Muhimbili" si mtu wala si taasisi. Muhimbili ni hospitali ya serikali. Watoto wenye saratani waliolazwa pale wanahudumiwa pia na Tumaini la Maisha, shirika lenye usajili wake. Msimamizi wa mirathi akifika getini na wosia wako mkononi, ampe nani? Wakijitokeza wawili, kila mmoja akidai ndiye uliyemkusudia, mirathi inakaa mahakamani. Asipojitokeza yeyote, ndugu watagawana na hakuna atakayewalaumu.

Kwa hiyo chagua moja, kisha ulitafute jina lake la kisheria. Taasisi nyingi hapa kwetu hazimiliki mali kwa jina lililoandikwa kwenye kibao au kwenye fulana za matembezi ya hisani. Zinamiliki kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na jina kamili huanza na "Wadhamini Waliosajiliwa wa…", mara nyingi likiwa kwa Kiingereza kwenye cheti. Nyingine zimesajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Omba nakala ya cheti cha usajili, unakili jina herufi kwa herufi, pamoja na namba na anwani. Hakuna taasisi makini itakayokunyima nakala hiyo. Ikikunyima, tafuta nyingine.

Pili, shamba. Ukiandika "shamba langu la Mkuyuni" halafu miaka minane baadaye ukaliuza ili umsomeshe mjukuu, zawadi imekufa palepale, kwa sababu kitu chenyewe hakimo tena katika mali yako. Na kama ni ardhi ya kijiji, taasisi ya Dar es Salaam haiwezi kuja kuichukua hivihivi. Kuna halmashauri ya kijiji na taratibu zake. Taasisi ya wagonjwa haina haja ya kulima mahindi Mkuyuni. Inahitaji fedha. Mwagize msimamizi aliuze shamba kisha akabidhi bei yake, au, na hii ndiyo tunayoipenda zaidi, toa asilimia ya mali yote itakayobaki.

Asilimia ina faida moja ambayo watu huiona wakishapiga hesabu. Tuseme leo una mali ya shilingi milioni 80 na umeandika "milioni 8 kwa taasisi". Uzee ukaja na gharama zake, ikabaki milioni 20. Taasisi bado inadai milioni 8 zake, na wanao watatu wanabaki na 12. Ungeandika asilimia 10, taasisi ingepata milioni 2 na wanao 18, kila upande umepunguziwa kwa kipimo kilekile. Mali ikiongezeka, fungu la wagonjwa nalo linaongezeka bila wewe kuandika upya.

Tatu, na hili hata baadhi ya mawakili hulipita. Wosia wa Wakristo wengi wa Bara hupimwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoirithi toka enzi za ukoloni. Kifungu chake cha 105 kinasema mtu mwenye mpwa au ndugu wa karibu zaidi ya huyo hawezi kuachia mali kwa shughuli za dini au hisani, isipokuwa kwa wosia uliotiwa saini si chini ya miezi 12 kabla ya kifo chake, na uliowekwa ndani ya miezi 6 tangu kutiwa saini mahali palipotengwa kisheria kuhifadhia wosia wa watu walio hai. Huko India kwenyewe, kifungu kilichorithi maneno hayo kilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2003 kwa kuwabagua Wakristo. Hakimu wa kwetu anaweza naye kukiona kimepitwa na wakati, lakini usimwachie kazi hiyo. Andika mapema ukiwa mzima, kisha ndani ya wiki chache upeleke RITA, ambao hupokea na kutunza wosia. Ukishafanya hivyo, mwenye kutaka kukishika kifungu hicho hatakuwa na pa kukishikia. Anayesubiri mpaka alazwe ndiye anayejiweka hatarini.

Nne, mashahidi. Sheria ile ya 1865 inataka wawili. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 inataka wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na wanne kwa asiyejua, wawili kwa wawili. Kwa kuwa mahakama ndiyo huamua uliishi kwa sheria ipi, jaza kipimo kikubwa: weka wanne, wawili wa ukoo wasiorithi chochote na wawili wa nje, wote wanaojua kusoma na kuandika, wote chumbani kwa wakati mmoja wakikuona unatia saini. Tumia kalamu ya wino au upige chapa, penseli hapana. Weka tarehe. Tia saini kila ukurasa. Asiwemo shahidi anayepata kitu, wala mfanyakazi wa taasisi unayoiachia fungu, hata kama ndiye nesi aliyemhudumia mjukuu wako kwa upendo.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa haya:

*"Natoa kwa (jina kamili kama lilivyo kwenye cheti), namba ya usajili (…), wa anwani (…), asilimia kumi (10%) ya mali yangu itakayobaki baada ya kulipwa gharama za mazishi, madeni na gharama za mirathi, itumike kuhudumia watoto wenye saratani. Stakabadhi ya ofisa aliyeidhinishwa na taasisi hiyo itamtosha msimamizi wa mirathi yangu kuwa ushahidi wa malipo. Ikiwa taasisi hiyo itakuwa imefungwa, imebadili jina au imeungana na nyingine, fungu hili lipewe taasisi iliyorithi kazi yake, na isipokuwepo, lipewe nyingine yenye lengo linalokaribiana nalo kwa kadiri atakavyoona msimamizi."*

Sentensi ya mwisho usiikate kwa kuwa ni ndefu. Mashirika hubadilika majina kuliko watu, na bila sentensi hiyo jina likibadilika msimamizi hana pa kushika.

Assalaam aleikum. Nina maradhi ya saratani ya tezi dume, naendelea na matibabu. Nataka sehemu ya mali yangu isaidie wagonjwa wa hapa Unguja wanaovuka kwenda Dar es Salaam kwa mionzi. Mke yupo, watoto watano, mmoja bado mdogo. Naruhusiwa kutoa kiasi gani?
*Mzee wa Makunduchi*

Waaleikumu salaam, Mzee wetu, Mungu akupe afua. Mpaka wako ni theluthi, kama alivyojibiwa Saad bin Abi Waqqas alipouliza akiwa mgonjwa: theluthi, na theluthi ni nyingi. Lakini theluthi ya nini? Si ya kila kilichomo nyumbani. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni yote, na katika madeni usiisahau mahari ya mkeo kama ipo iliyobaki. Tuseme mali yote ni shilingi milioni 90, maziko na madeni milioni 6. Zimebaki 84. Theluthi yake ni milioni 28.

Ukiandika milioni 40, zile 12 zilizozidi zinangoja ridhaa ya warithi, na ridhaa inayohesabika ni ile wanayoitoa ukishafariki, si kichwa wanachotikisa leo kwa kukustahi. Kila mrithi huridhia katika fungu lake tu. Mtoto mdogo hawezi kuridhia, wala mama yake hawezi kumridhia. Kwa hiyo kwenye nyumba kama yako, kuvuka theluthi ni kumtafutia kadhi kazi.

Umetaja maradhi, na hapo kuna jambo. Mtu akitoa zawadi akiwa katika maradhi ya mauti, kisha akafa kwa maradhi hayohayo, zawadi ile huhesabiwa kama wasia na huingia kwenye theluthi ileile. Wapo wanaodhani wakikabidhi leo mkononi wameukwepa mpaka. Hawajaukwepa. Ila saratani ya tezi dume mara nyingi huenda polepole, na mgonjwa anayetembea na kufanya shughuli zake si lazima ahesabiwe yumo katika maradhi ya mauti. Muulize kadhi ukiwa na maelezo ya daktari wako. Kama una duka au nyumba ya kupangisha, fikiria wakfu: mali inabaki, kodi ya pango ndiyo inayolipa nauli za boti na malazi ya wagonjwa mwaka hadi mwaka. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo mlango wake kwa Zanzibar.

Nafanya biashara ya vipuri Mwanza. Nataka fedha nitakazoacha zinunue mashine ya mionzi, wala zisitumike kwa kitu kingine chochote. Nikiandika hivyo itatekelezwa?
*Msomaji wa Nyamanoro*

Kaka, wewe unaijua spea, kwa hiyo tutakujibu kwa lugha ya spea. Mashine ya mionzi ya kobalti ina chanzo ambacho nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi kadhaa. Ikizeeka haiharibiki, inachelewesha. Dakika alizolala mgonjwa mwaka wa kwanza huongezeka maradufu, foleni nayo inarefuka, mpaka chanzo kibadilishwe. Mashine za kisasa za linaki, zinazozalisha mionzi kwa umeme, hazina kobalti, ila zinataka umeme usioyumba, maji ya kupoozea, mkataba wa matengenezo na mtaalamu wa fizikia ya tiba. Zote zinataka chumba chenye kuta za zege nene zilizojengwa kwa hesabu zake.

Sasa weka wosia wako hapo. Fedha zako zikitosha robo ya mashine, na sharti lako ni "mashine tu", hospitali itafanyaje na robo ya mashine? Zitakaa benki zikisubiri robo tatu nyingine. Au umeandika "chanzo kipya cha kobalti", siku ya kutekeleza hospitali imeshahamia linaki. Zawadi iliyobanwa hivyo huweza kukataliwa, nao watakuwa na haki.

Andika lengo, usiandike kifaa: "kwa huduma ya tiba ya mionzi, ikiwemo vipuri, matengenezo, mafunzo ya wataalamu, nauli na malazi ya wagonjwa." Hayo mawili ya mwisho tumeyaweka makusudi. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi kwa kawaida huchomwa mionzi siku tano kwa wiki, mara 25 hivi, mbali na ile ya ndani inayofuata. Hiyo ni zaidi ya mwezi. Kama katoka Biharamulo, hahitaji kitanda cha wodini siku zote hizo. Anahitaji pa kulala, chakula na nauli ya kurudi. Wapo wanaoacha matibabu katikati kwa kukosa hayo huku mashine ikifanya kazi vizuri kabisa. Kama bado una shauku na mashine, andika "natamani, lakini silazimishi". Maneno hayo matatu yanaiachia taasisi nafasi ya kupumua.

Baba yetu ana ugomvi na kaka zetu wawili. Amesema ataiandikia hospitali ya saratani kila kitu, hata nyumba anayoishi na mama, "ili wakome". Anaweza?
*Binti wa Mbozi*

Kwa njia hiyo, ni vigumu. Nyumba waliyoijenga pamoja si ya baba peke yake, na huwezi kuusia kisicho chako. Sehemu ya mama haimo. Na kama mambo yenu yanakwenda kimila, ile sheria ya mila ya 1963 haikubali mrithi anyimwe kimyakimya. Wosia utaje wazi kwamba fulani ananyimwa, utaje na sababu, na sababu zinazokubalika si kila hasira. Mwenye kunyimwa naye ana nafasi ya kujitetea. Wosia wa "ili wakome" ndio unaopingwa kwa wepesi kuliko wote, na ukianguka unaanguka na fungu la wagonjwa pia. Zungumza na baba atenge fungu la kadiri kwa hospitali, ugomvi wake autafutie kikao chake.

Je, nikiwaambia tu wanangu kwa mdomo, haitoshi?
*Msomaji wa Sikonge*

Kwa mila, wosia wa mdomo upo, lakini unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, waliokusikia pamoja. Wanao ni warithi, hawatoshi kuwa mashahidi. Na taasisi itajuaje kuwa imeachiwa kitu? Andika.

Ni muuguzi, miaka 14 sasa niko Uingereza. Sijaolewa, sina mtoto. Nina nyumba huku na kiwanja Kinondoni. Nataka wapwa wangu warithi, ila niache kitu kwa wagonjwa wa saratani nyumbani. Nimesikia mambo ya kodi.
*Dada wa Reading*

Dada, Tanzania Bara haitozi kodi ya urithi kama hiyo ya huko, kwa hiyo hesabu yote iko upande wako. Uingereza hutoza asilimia 40 kwa kinachozidi pauni 325,000. Tangu Aprili 6, 2025, aliyekaa huko miaka 10 kati ya 20 iliyopita hutozwa kwa mali yake popote ilipo, na kiwanja cha Kinondoni kimo. Kinachokwenda kwa shirika la hisani hakitozwi. Na ukiliachia asilimia 10 au zaidi ya ile sehemu inayotozwa, kiwango kwa iliyobaki hushuka hadi asilimia 36.

Tuseme mali yako yote ni pauni 425,000. Zinazotozwa ni 100,000. Usipotoa kitu, kodi ni 40,000 na wapwa wanapata 385,000. Ukitoa 10,000, inatozwa 90,000 kwa asilimia 36, yaani 32,400, na wapwa wanapata 382,600. Wagonjwa wamepata pauni 10,000, wapwa wamepungukiwa 2,400 tu.

Mtego uko hapa: msamaha ni kwa mashirika ya hisani ya Uingereza. Tangu Aprili 2024 hata ya nchi za Ulaya hayamo. Ukiandika jina la hospitali ya Dar es Salaam moja kwa moja, hupati msamaha wala ile asilimia 36. Tafuta shirika lililosajiliwa huko linalofadhili huduma za saratani Tanzania, ulitaje kwa namba yake ya usajili, kisha useme unatamani fedha ziende Tanzania.

Wengi wenye mali kotekote huandika wosia mbili, mmoja wa huko na mmoja wa huku, na ni jambo jema. Lakini karibu kila wosia wa mawakili huanza na "nafuta wosia zangu zote za nyuma". Ukitia saini wa Kinondoni mwezi wa sita ukiwa likizo, sentensi hiyo moja inafuta ule wa Reading wenye fungu la wagonjwa. Kila mmoja useme unahusu mali ya nchi gani na haugusi mwingine. Na ukiolewa, jua kwamba kwa sheria ya Uingereza ndoa hufuta wosia uliotangulia, isipokuwa uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo.

Marehemu shangazi ameniacha msimamizi. Wosia unasema shilingi milioni 3 na kiti chake cha magurudumu viende kwenye taasisi ya saratani iliyomhudumia. Ndugu wanasema taasisi isubiri mwisho. Nianzie wapi? Kuna na chupa za mofini zimebaki.
*Kijana wa Moshi*

Pole kwa msiba. Mofini kwanza. Hiyo si mali ya mirathi ya kugawa, ni dawa inayodhibitiwa. Irudishe kwenye duka la dawa la hospitali iliyoitoa, wakuandikie kuwa wameipokea. Usimpe jirani mwenye mgonjwa, hata akikulilia. Kipimo cha shangazi kinaweza kumuua mtu asiyeizoea. Kiti kinaweza kutolewa mapema kikipokewa kwa maandishi, ila piga simu kwanza uulize kama wanakihitaji.

Kwa fedha, chukua cheti cha kifo, wosia halisi na muhtasari wa kikao cha ukoo, ufungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Benki na mitandao ya simu hawatakupa salio la marehemu bila barua ya uteuzi. Ukishateuliwa, iandikie taasisi: taja jina la marehemu, tarehe ya kifo, kiasi alichoacha na namba ya shauri, uambatishe nakala ya ukurasa unaohusu. Wengi huiruka hatua hii kwa kuogopa kusumbuliwa. Taasisi ikijua, itakupa akaunti sahihi na itakuwa shahidi wako ndugu wakikubana.

Kuhusu kusubiri, ndugu wamesema nusu ya kweli. Mazishi na madeni hutangulia wote. Baada ya hapo taasisi si ombaomba anayepewa makombo. Milioni 3 zimetajwa, zinatoka kabla ya kugawana kinachobaki. Usilipe tu kabla hujayajua madeni yote, maana mdai akijitokeza umeshagawa, atakudai wewe.

Orodha ya mali unaipeleka mahakamani kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi minne tangu uteuzi, na hesabu za ulivyogawa kwa Fomu Na. 6. Lipa kwa benki, usilipe taslimu, kwa jina lilelile lililo kwenye cheti cha usajili. Ofisa akikutajia namba ya simu yake "ili iwe haraka", kataa. Stakabadhi yenye muhuri ibandike nyuma ya Fomu Na. 6, nakala ubaki nayo, na nyingine uipige picha uwatumie ndugu kwenye kundi lao la WhatsApp siku hiyohiyo.